Mkono wa Mpiga Picha wa Songwa

Kama daktari amekwisha kukuonyesha baka lako na sasa unarudi nyumbani hujui utaanzia wapi kuwaambia, kaa nikusimulie yangu. Ukoma unaingilia wapi mwilini na unatokea wapi, hayo waulize waliosomea. Mimi nilikuwa mpiga picha wa baiskeli. Ninachojua ni namna ya kukaa na ugonjwa huu ndani ya nyumba yenye mke, mtoto na wakwe.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nakaa Songwa na mke wangu, Mama Minza, na binti yetu Minza ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Kila siku nilipanda baiskeli, kamera shingoni, kitambaa cha kuweka nyuma ya watu nimekifunga kwenye keria. Siku za mshahara nilikwenda Mwadui kuwapiga picha wafanyakazi wa mgodi na redio zao. Siku za ubatizo nilifika mpaka Didia, kwa wakwe zangu. Kulikuwa na vumbi, miiba na pancha zisizokwisha, na niliipenda kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Jioni niliandika kwenye daftari siku ilivyokwenda: nimempiga nani, kavaa nini, nani kafumba macho, mbwa wa wapi kanifukuza.

Watu wetu wakikaa mbele ya kamera wanakakamaa utadhani wanasubiri kuhukumiwa. Kwa hiyo nilikuwa na tabia ya kusogea na kumwinua mtu kidevu kwa kidole, nikamshusha bega, nikamgeuza kidogo. Ndiyo maana picha zangu zilisifiwa. Nilikuwa nawashika watu.

Baka lilianza mgongoni, chini ya bega la kulia. Mama Minza aliliona akinisugua. Tukasema ni utangotango, nikapakwa dawa ya dukani, likabaki pale pale. Likaja la pili mkononi. Sikulijali, maana halikuwasha wala kuuma. Siku hizi mtu akiniambia ana baka lisilowasha, mimi ndiye ninayekosa raha.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Taa ya chemli ilikuwa inatoa moshi, nikakishika kioo chake kukinyanyua huku naendelea kumsimulia mke wangu habari za bwana harusi mmoja aliyegoma kuvua miwani.

"Baba Minza, achia!"

"Niachie nini?"

"Kioo! Unaungua!"

Kweli, harufu ilikuwa imeshajaa chumbani. Nilikiweka kioo chini taratibu, nikautazama mkono wangu kwenye mwanga wa utambi. Ngozi ya kiganja ilikuwa imevimba na kupauka. Mama Minza alianza kulia kabla yangu, kwa sababu yeye alielewa kabla yangu.

Hospitali ilikuwa ya masista, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu. Wagonjwa wa ngozi tulikuwa na benchi letu mwisho wa baraza, mbali na wenye malaria na kina mama wa kliniki. Hakuna aliyekatazwa kukaa kwetu, lakini kila nafasi ilipopatikana watu waliikodolea macho tu na kuendelea kusimama. Utakaa kwenye benchi la namna hiyo nawe. Nikuambie mapema, ndiko nilikocheka kuliko mahali popote mwaka ule, maana watu wa benchi lile hawana tena cha kujivunia mbele ya wenzao.

Aliyenipima ni nesi mmoja, Aurelia, mtu wa Moshi, mkali, mwenye viatu visivyo na vumbi hata siku ya upepo. Alinionyesha unyoya wa kuku na pini.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikafumba. Nikasubiri aanze. Nje kulikuwa na mtoto anakohoa, nikawa nasikiliza kile kikohozi.

"Fumbua," akasema. "Nimemaliza."

Nililia pale pale kwenye kiti, mbele yake. Aliniacha nilie, kisha akanifundisha mambo ambayo nimeyashika mpaka leo. Vidonge nisikose. Sufuria nisishike bila kitambaa. Kila siku niloweke mikono kwenye maji, nipake mafuta, ninyooshe vidole. "Na kila siku uitazame," alisema. "Haitakuambia tena ikiumia. Macho yako ndiyo yatakayokuambia."

Nilipomwambia Mama Minza jina la ugonjwa alikuwa anapepeta mtama. Aliuweka ungo mapajani. Halafu akauliza kama vidonge vinanywewa kabla ya kula au baada ya kula. Nilimpenda siku ile upya.

Wengine hawakuwa hivyo. Kaka yangu aliniletea kikombe cha bati chenye maua, akasema ni zawadi, ili nikienda kwake niende nacho. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Bibi harusi mmoja nilinyoosha kidole nimwinue kidevu kama kawaida, mama yake akaruka katikati yetu kama kuku mwenye vifaranga. Sikumlaumu sana. Nilikunja kitambaa changu nikapanda baiskeli, nikarudi nyumbani.

Nikawa na filamu na sina watu wa kupiga. Basi nikaanza kupiga nyumba yangu. Asubuhi nilitazama mikono kama nilivyoagizwa, mbele na nyuma, kidole kwa kidole, halafu nikapiga picha moja tu ya siku hiyo. Jioni nikaandika daftarini mstari mmoja kuihusu. Minza amelala juu ya gunia la pamba, mdomo wazi. Mama Minza anatoa mwiba mguuni, amekunja uso. Michembe ya viazi vitamu imeanikwa juu ya mwamba, mbuzi wa jirani anaitazama kwa nia mbaya. Baiskeli imeegemea ukuta baada ya mvua. Zamani nilipita mbele ya vitu hivi nikikimbilia redio za Mwadui. Kama umeugua nawe, tafuta kitu kimoja cha kutazama kila siku mbali na jeraha lako. Kwangu kilikuwa dawa ya pili, na pengine ya kwanza.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilizidiwa. Hili lilinikuta nikiwa nakunywa dawa vizuri, na litakutisha nawe usipoambiwa: mwili uligeuka ukapigana wenyewe. Nikapata homa, uso ukavimba, na kwenye kiwiko cha kulia maumivu yakaja makali hata ukubwa wangu nikausahau. Kiganja kisichohisi moto kilikuwa kinaning'inia chini ya kiwiko kinachohisi kila kitu. Nililazwa. Watu walipanda pamba, wakaipalilia, mimi nipo kitandani natazama bati. Mama Minza alikuja kwa malori ya kuomba, tumbo lake likiwa limeanza kuonekana, akaniletea uji wa ulezi na habari za Minza. Nilipotoka, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja na havinyooki. Cha kubonyezea kamera kilikuwa salama. Breki ya baiskeli niliihamishia mkono wa kushoto, mshikio wa kulia nikauzungushia tyubu kuukuu, na nikajifunza kupanda upya nikiwa mtu mzima, majirani wakinicheka na mimi nikiwasaidia kucheka.

Wakati wa kuvuna pamba baba mkwe alituma ujumbe kutoka Didia. Binti yake akajifungulie kwao, na Minza aende pia. Kujifungulia kwao si ajabu. Lakini ujumbe haukutaja kurudi, na aliyeuleta hakutaka kukaa wala kunywa maji. Tuliuelewa sote wawili. Mama Minza alisema haendi. Nami nilijua kwamba baba yake akija mwenyewe kumwita, atakwenda, kwa sababu hakulelewa kumbishia baba yake. Usingizi ukanitoka. Ugonjwa ungeweza kuchukua vidole vyote kumi nikavumilia, lakini nyumba ile bila wao wawili sikuwa na uwezo wa kuiona hata kwa kuifikiria.

Akatangulizwa mama mkwe, kumsaidia binti yake kufunga mizigo.

Hapa inabidi nieleze mila yetu kwa wasio wa kwetu. Mkwe wa kiume, mkwilima kama tunavyomwita, na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na jina halitajwi. Ukikutana naye njiani unapisha kwa mbali. Hiyo ni heshima, na kuivunja ni aibu inayofika kwa wazee. Kwa hiyo mama mkwe alipofika alikuwa upande wa huku wa nyumba nikiwa upande wa kule, kanga ameshusha usoni, nami nikamwamkia ukuta ukiwa katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola."

Nitakuambia jambo la ajabu. Mwaka ule watu wengi walikuwa wananikwepa, na mama mkwe peke yake ndiye aliyenikwepa bila kuniumiza. Alikuwa ananikwepa tangu nilipooa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, mkulima hasa. Akiwa na neno la kuniambia, na Mama Minza hayupo, aliiambia baiskeli.

"Wee baiskeli, mwambie mwenyewe kuku wameingia kwenye mtama."

Nami nikaijibu baiskeli kwamba nimesikia.

Mizigo hakuifunga. Alivuna pamba yetu, siku baada ya siku, akawa anatazama. Aliona maji ya kuloweka, mafuta, vidonge. Halafu asubuhi moja akasema, akiielekea keria: "Baiskeli, siku yake ya hospitali ikifika, nakwenda. Nataka kusikia kwa masikio yangu kama ugonjwa huu utamshika binti yangu na mtoto wa tumboni. Habari za watu nimechoka nazo kabisa."

Mama Minza miguu ilikuwa imemvimba, asingeweza kwenda nasi. Tulitoka alfajiri, wawili. Kumpakia mama mkwe kwenye keria ni jambo lisilofikirika, kwa hiyo nilitangulia nikikokota baiskeli, kifurushi chake kimefungwa nyuma, naye akafuata kwa mbali kiasi cha kunirushia sauti. Nikisimama, anasimama. Nikiketi kupumzika, anageukia upande mwingine na kuketi. Aliyetuona kwa mbali angedhani mimi ni mwizi wa baiskeli na yeye ndiye mwenye mali.

Barazani watu wa benchi letu walimwona na kanga yake usoni, wakaelewa bila kuambiwa, wakajibana ili apate nafasi ya mwisho kabisa akitupa mgongo. Nesi Aurelia akatoka.

"Umekuja na nani leo?"

"Nimekuja na mama," nikasema.

Ningesemaje? Kumwita mama mkwe mbele yake, hadharani, huko kwetu si adabu. Mama ni mama. Lakini nesi alikuwa mtu wa Moshi, na alichosikia ndicho alichoelewa. Akamtazama mama mkwe aliyegeuza mgongo na kufunika uso, na nikaona hasira inampanda.

"Mama, hata wewe? Mwanao wa kumzaa unampa mgongo? Ugonjwa huu haumrukii mtu kwa kutazamwa!"

"Nesi," nikaanza, "huyu ni…"

"Nyamaza. Siku zote tunawafundisha watu wa nje, kumbe nyumbani ndiko kubaya."

Alichota mafuta kwenye kopo. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaniketisha karibu na mama mkwe, akamgeuza kwa bega, akauweka mkono wangu katikati ya viganja vyake.

"Haya. Msugue. Nyoosha hivi vidole viwili, kimoja kimoja. Hivi ndivyo utakavyomfanyia nyumbani."

Benchi zima liliishiwa pumzi. Mzee mmoja jirani yangu alivua kofia akajifunika nayo uso ili asiwe shahidi. Mimi nilitazama bati la baraza. Nilisubiri mama mkwe auachie mkono kama mtu aliyeshikishwa nyoka, na nilijua kwamba akiuachia nitamwelewa, na kwamba itakuwa ndiyo basi: atarudi Songwa afunge mizigo.

Hakuuachia. Niliposhusha macho kidogo nilimwona amefumba yake kwa nguvu, mpaka mashavu yamekunjamana, ili angalau asinitazame. Na mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Alipaka mafuta kiganjani, akasugua kwa dole gumba, akavifuata vile vidole viwili vilivyojikunja, akavinyoosha taratibu, kimoja, halafu cha pili, kama mtu anayemnyoosha mtoto mchanga baada ya kumwogesha. Alifanya yote aliyoambiwa. Ndipo akauliza, macho bado amefumba:

"Nesi, na mke wake je? Na mtoto?"

"Anakunywa dawa. Mtu anayekunywa dawa hivi haambukizi watu. Walale naye, wale naye. Wakipatwa na baka waje mapema."

"Mtoto wa tumboni?"

"Atazaliwa mzima."

Mama mkwe akaurudisha mkono wangu juu ya goti langu, akauweka pale kwa uangalifu, akashusha kanga.

Njiani hakuniambia neno. Hata baiskeli haikuambiwa kitu. Niliikokota mpaka Songwa nikiwa na uhakika kwamba nimeharibikiwa mara mbili: kwa ugonjwa, na sasa kwa mila. Jioni nilifungua daftari nikakaa na kalamu, nisiandike hata mstari.

Baba mkwe alikuja siku chache baadaye kwa baiskeli yake, amekasirika kwa kusubirishwa. Alikataa kuingia ndani. Aliketi kwenye kigoda uani. Mama mkwe alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga ndama, ambako kila neno lilifika.

"Mbona mizigo haijafungwa?"

"Mkono wake nimeushika," akasema mama mkwe.

"Umeshika nini?"

"Mkono wa mkweo. Kwa mikono yangu yote miwili, mbele za watu. Na mafuta nimempaka."

Nilisikia kigoda kikianguka. Kumbe ukoma ulikuwa umemtoka kichwani saa ile ile.

"Mwanamke, una akili? Mkwilima! Umemshika mkwilima mkono?"

"Nesi wa watu hakujua. Alidhani nimemzaa. Ningemwachia pale, angeonekana mbwa."

"Wazee watasemaje?"

"Ndiyo nakuuliza. Unanikasirikia lipi? Kama ni mwiko, wazee watakaa, mbuzi atachinjwa, yatapozwa, yeye akiwa mkwe wetu na sisi wakwe zake. Ukimnyang'anya mke leo, huo mwiko utaupoza na nani? Utabaki nao nyumbani kwako. Na kama ni ugonjwa, basi umeshaniingia na mimi. Niache hapa hapa Songwa, uende peke yako ukapike."

Ndama alitaka kulia, nikamziba mdomo.

"Nesi amesemaje?" baba mkwe akauliza hatimaye, sauti imeshuka.

Akaelezwa yote, mwanzo mpaka mwisho. Alikiinua kigoda, akaketi, akavuta pumzi ndefu. Kisha akamwita binti yake amletee maji ya kuoga, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali na jua lilikuwa kali, na usiku ule angelala kwetu.

Wazee walikaa baada ya mavuno. Mbuzi alichinjwa, maneno ya kupoza yakasemwa, mama mkwe akiwa upande wake na mimi wangu. Mtoto alizaliwa Songwa, wa kike, mzima kama nesi alivyosema, na nilimpiga picha kabla hajafumbua macho. Vidonge niliendelea navyo miaka mingi, msimu wa kupanda mpaka wa kuvuna na kurudi tena, mpaka siku nesi mwingine aliponiambia inatosha. Wateja walirudi kidogo kidogo. Nawe usiwalazimishe watu, watarudi. Aliyebaki wakati wako mbaya ndiye wa kumwekea chakula kwanza.

Lakini nilitaka kukuambia asubuhi ambayo mama mkwe alirudi Didia, mtoto alipopata nguvu. Nilikuwa upande wangu wa ukuta nikipakia kifurushi chake kwenye baiskeli ya shemeji aliyekuja kumchukua. Mama Minza akazunguka nyumba akaja, uso wake mzito.

"Mama anauliza jambo."

"Aulize."

"Anasema siku ile hospitali alikuwa ametoka kuvuna pamba, mikono yake ilikuwa imechanwa na maganda, mikavu kama gome. Jambo hilo linamsumbua tangu siku hiyo. Anauliza, je, ilikukwaruza?"

Mama Minza alinitazama nami nikamtazama. Yeye alikuwepo siku ya kioo cha taa. Alijua kama nilivyojua kwamba kiganja kile kingeweza kukwaruzwa na msumeno nisitambue, na kwamba nilijua nimeshikwa kwa sababu tu nilishusha macho nikaona.

"Mwambie haikunikwaruza," nikasema. "Mwambie ilikuwa na joto, nami nililala vizuri siku ile."

Alizunguka nyumba akaenda kumwambia. Nikamsikia mama mkwe akicheka kwa ile sauti yake kubwa, akishukuru, "Basi, wabeja, wabeja," halafu akaanza kuaga watoto.

Amekwisha kufariki, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Sehemu nyingi za ngozi yangu zilirudi, mgongo na bega na hata lile baka la mkononi sasa linahisi inzi akitua. Kiganja hakikurudi. Nimeshakizoea, sikililii tena. Ila nikipewa dakika moja tu ya kiganja changu cha zamani, sitaitaka kwa kamera wala kwa baiskeli. Nitaitaka pale barazani, mikono yake ikiwa juu yangu na macho yake amefumba.